Hita ya Mheshimiwa

Jumatatu, 26 Juni 1995

Baridi. Ukungu mpaka saa nne. Naandika nimevaa soksi mikononi.

Wiki ya tatu tangu nivute landrova kutoka mnadani. Chama cha ushirika kilinipunguza kazi, mimi Hyasinti, mtunza ghala wa miaka kumi na minne, kikanipa kiinua mgongo. Kisha kikaanza kuuza mali zake, nami nikakirudishia kiinua mgongo chote. Agripina, mke wangu, alitaka mabati. Nilimweleza kwamba bati halitembei. Masika yaliyopita paa la nyasi lilimdondoshea maji usoni kitandani, naye akaniangalia mimi badala ya kuangalia paa.

Gari nimelipa jina la Mheshimiwa. Halifiki popote kwa wakati na lazima watu walisukume.

Lakini sasa habari njema! Wanunuzi binafsi wa kahawa wameruhusiwa, na mmoja ameshafika hapa Mbinga. Wakala wake ni Bwana Nathaniel, mtu wa Bukoba. Anatafuta gari la kukodi msimu mzima: vijiji vya Ukata, Ruanda, popote kahawa ilipo. Masharti mawili tu. Dashibodi iseme kweli, maana dereva wa kwanza alimlaza porini huku geji ikidai tangi limejaa. Na hita ifanye kazi, maana baridi yetu inamuua. Ukaguzi Jumamosi tarehe nane Julai. Mpinzani wangu ni mmoja, Mwalimu Joakim mstaafu, mwenye pikapu ya Kijapani.

Mheshimiwa ana hita! Boksi jeusi chini ya dashibodi, kubwa kama tundu la kuku. Haifanyi kazi, lakini ipo. Tofauti ni ndogo.

Agripina naye ametoa masharti yake. Nikipata kazi, gari libaki. Nikikosa, linakwenda kwa mfanyabiashara wa Songea anayetaka chasisi ya kuundia tela, naye ataleta mabati. Nimemwambia subiri utaona. Amesema anaona tangu siku ya ndoa.

Jumatano, 28 Juni

Nimeshinda chini ya dashibodi, miguu nje, kichwa ndani. Matokeo ya uchunguzi nimeyaandika ili yasipotee.

Nikiwasha taa, waipa moja inapunga mkono. Indiketa ya kushoto inapiga honi. Indiketa ya kulia haifanyi kitu chochote. Nikikanyaga breki, sindano ya mafuta inapanda, kwa hiyo nina mafuta ninaposimama tu. Geji ya mwendo inasema arobaini, na gari limesimama, jogoo kalala juu ya boneti. Hita: kimya cha makaburini.

Nyuma ya dashibodi, Mungu wangu! Nyaya zote nyeusi. Zimeungwa kwa kamba za magunia na plasta za zahanati. Mafundi wa Chama! Nimepata shoti mara mbili na kugonga kichwa mara tano. Jogoo hakuamka.

Chini ya kiti cha dereva nimeokota bambo, kile chuma chenye mfereji cha kuchomea gunia ili kutoa sampuli. Nimeguswa sana. Aliyeendesha gari hili miaka kumi na mmoja ni Placidi, msimamizi wangu wa ndoa. Dereva anatembea na bambo lake mwenyewe, akague ubora wa kahawa njiani bila kutumwa na mtu! Wangapi wana moyo huo siku hizi? Nimelitumia kama bisibisi.

Ijumaa, 30 Juni

Placidi amekuja kunitembelea. Amenikuta nimeshika boksi la hita, akabadilika uso. Amenisihi nisilifungue kamwe. Anasema hita za magari haya zina gesi, mtu akifungua anapofuka. Hata amejitolea kuling'oa na kulichukua bure, anipunguzie mzigo. Nimemshukuru nikakataa, kwa sababu Bwana Nathaniel anataka hita. Ameondoka akiwa na huzuni, hakumaliza chai.

Placidi hana mfano. Miaka minane magunia yaliondoka Ukata na uzito wake, yakafika ghalani kwangu yamekonda. Nilipima, nikapima tena. Nilitega panya. Nilibadili kufuli. Mkutano mkuu ukaniita mwizi, na mama yangu amekaa benchi la mbele. Siku ile nilitamani ardhi inimeze. Mtu mmoja tu alisimama kunitetea, naye ni Placidi. Alisema Hyasinti ni mwaminifu, kahawa hupungua yenyewe kwa kukauka. Sitamsahau mpaka kufa.

Jumapili, 2 Julai

Baada ya misa, Mwalimu Joakim kaegesha pikapu mlangoni kabisa mwa kanisa, hita inanguruma. Anawaingiza akina mama wawili wawili wapashe miguu moto! Kampeni mchana kweupe. Vibonye vimeandikwa Kijapani, naye anavieleza kimoja kimoja kama aliyesomea Tokyo. Alimwonyesha Mama Mektilda kibonye cha redio, akakibonyeza, kiti kikalala chali na Mama Mektilda juu yake, rozari mkononi. Nilicheka peke yangu. Agripina alinifinya.

Amekuja kunisalimia baadaye. Ameuliza kama hita yangu bado imepumzika. Imepumzika! Nimemjibu kuwa hita yangu ni ya Kiingereza, haiharakishwi.

Nimekata shauri. Nitashuka Kihagara, ufukweni mwa Nyasa, kwa Mzee Nazari. Alifunga umeme wa meli ziwani miaka ishirini. Kama ameweza meli, Mheshimiwa ni nini?

Jumanne, 4 Julai

Kihagara. Joto! Nimevua makoti mawili na sweta, bado natoka jasho. Nimeteremka milima yote bila breki ya kuaminika. Kila kona ya kushoto honi ikalia, wakulima wakatupa majembe wakinipungia wakidhani ni msafara wa serikali. Niliwapungia pia.

Nilimwamkia Mzee Nazari Shikamoo, akaitikia Marahaba bila kuniangalia. Alikuwa anaangalia nyaya. Kisha akaniuliza nani alifanya unyama huu. Nikasema mafundi wa Chama. Akauliza na hizi plasta mpya je? Nikaanza kukunja sweta.

Mzee amefanya kazi nusu siku tu. Amevuta waya mpya wa hita kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi yake na arithi yake, ule waya wa kufunga kwenye bodi. Amenieleza mara mbili kama mtoto wa darasa la kwanza. Swichi ina hatua mbili. Ukiweka kasi, umeme unakwenda moja kwa moja kwenye feni. Ukiweka pole, umeme unapitia kwanza springi ya waya ndani ya boksi, na springi hiyo inakuwa nyekundu kama jiko la umeme, ndiyo kazi yake, usiogope.

Tumewasha. Kasi. Hita imefanya kazi! Imenipuliza usoni hewa ya moto, hapo ufukweni, saa nane mchana! Watu wamekuja kutoka kwenye vichanja vya dagaa kumtazama Mmatengo wa milimani aliyeleta joto Nyasa. Wamecheka mpaka wakakaa chini. Wacheke. Nilikuwa na furaha, nilitaka kumbusu Mzee.

Jambo moja tu. Mzee anasema upepo ni hafifu, kuna kitu kimeziba ndani ya boksi, tulifungue. Nimekataa katakata. Nimemweleza habari ya gesi. Ameenda kula. Dashibodi iliyobaki hakuigusa, amesema hiyo inataka padri.

Nimenunua ndoo ya usipa, dagaa wa ziwani, kumfurahisha Agripina.

Jumatano, 5 Julai

Balaa! Balaa tupu!

Nilipanda vizuri. Juu kabisa, ukungu ukaniingia, nikawasha hita. Nikaweka pole ili nisimalize betri. Joto safi. Nikaanza kuimba. Haikupita dakika kumi, harufu! Kitu kinaungua. Sijawahi kunusa kitu kama kile. Kama mahindi yaliyoachwa motoni, kama sukari iliyoungua, na juu yake uchungu fulani, na kusema kweli haikuwa mbaya sana, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Nikajua ni waya. Nikasimamisha gari, nikaruka, nikang'oa waya wa Mzee Nazari, mwingine nikaukata kwa meno.

Akina mama wawili walipita na madebe ya kahawa vichwani. Niliwaomba wanuse. Wakatua madebe, wakanusa kwa makini, wakakubaliana nami. Waya.

Fundi wa meli! Meli gani hizo! Zimebaki ngapi?

Agripina amepokea usipa. Amenusa gari, naye akasema ni waya. Akauliza kwa nini basi waya wenyewe nilioung'oa haujaungua hata kidogo. Maswali ya namna hiyo ndiyo yanayorudisha nchi nyuma.

Ijumaa, 7 Julai

Juzi usiku sikulala. Jana nimerudisha waya. Nimewasha pole: harufu. Nimeng'oa. Nimerudisha nikiwa nimeuvika plasta. Harufu. Nimeng'oa tena, nikaumwagia maji ya baraka, nikarudisha. Harufu! Nimekaa chini kwenye vumbi nikalia kidogo. Si aibu kuandika hapa. Ukaguzi ni kesho, na mtu wa Songea ameshatuma salamu.

Placidi amefika tena. Mtu huyu ananionea huruma. Nilipomsimulia harufu alitoka jasho kwa baridi hii. Kisha akanipa siri: hita ile iwashwe kasi tu, pole isiguswe abadani. Nimejaribu. Kasi, hakuna harufu! Joto dogo, lakini safi. Amejuaje? Ni uzoefu. Kichwa kimoja cha Placidi ni mafundi wa meli kumi.

Imebaki geji ya mafuta. Nimebuni kitu ambacho naona fahari kukiandika. Sindano nimeifunga uzi mweusi, uzi unapita nyuma ya dashibodi mpaka kiti cha nyuma. Placidi atakaa nyuma kama utingo, aulegeze taratibu kadiri tunavyokwenda, sindano ishuke kama ya kweli. Alisitasita. Alipojua kuwa atakuwa ndani ya gari karibu na hita muda wote wa ukaguzi, akakubali mara moja.

Jumamosi, 8 Julai

Naandika yote.

Saa tatu asubuhi Bwana Nathaniel alikuja na makoti mawili, skafu na blanketi la hoteli. Alianza na Mwalimu Joakim. Alirudi akasema pikapu ni nzuri ila iko chini mno, Ukata itakwama kwenye tope. Akaniangalia mimi. Akasema akiona landrova iko sawa, kazi ni yangu, tuanze Jumatatu. Yangu! Agripina alikuwa amesimama kando ya barabara na jembe begani, akasikia kwa masikio yake.

Tukaondoka kuelekea Ruanda. Sindano ya mafuta ikashuka kidogo kidogo, vizuri mno. Nilipitia kona za kulia tu. Hita kasi, joto linakuja, Bwana Nathaniel akavua blanketi. Akavua skafu. Akasema sasa imezidi, akanyoosha mkono mwenyewe akageuza swichi. Pole!

Placidi akapenyeza mkono kutoka nyuma akarudisha kasi. Bwana Nathaniel akageuza pole. Placidi kasi. Safari hii Placidi alijisahau, akavuta uzi, tangi likajaa ghafla. Bwana Nathaniel akaitazama geji, akamtazama Placidi, akaweka pole na kuifunika swichi kwa kiganja.

Harufu ikaja.

Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya waya. Hakunisikia. Alikuwa amefumba macho anavuta pumzi, anatabasamu kama mtu aliyefika kwao. Akauliza nani anakaanga kahawa humu ndani.

Nikasema ni waya. Akasema ni kahawa. Nikamwambia kwa heshima kwamba mimi nimelima kahawa miaka arobaini, nimeichuma, nimeiosha, nimeianika, nimetunza ghala lake, na kahawa haina harufu hiyo hata kidogo. Akaniuliza kama nimewahi kuinywa. Kuinywa! Nikamwambia sisi kahawa tunauza. Tunakunywa chai.

Akaamuru tusimame. Akataka boksi lifunguliwe. Nikamweleza gesi. Akataka lifunguliwe. Nikahangaika na spana, halikufunguka, halina skrubu mbele wala pembeni. Nikachukua nyundo. Nilipoiinua tu, Placidi akapiga ukelele kwamba nitaliharibu, akapitisha mkono nyuma ya boksi bila kuangalia, akazungusha kitu, kifuniko kikaanguka.

Ikamwagika kahawa. Kahawa kavu ya maganda, debe zima na zaidi, juu ya viatu vya Bwana Nathaniel. Karibu na ile springi nyekundu punje zilikuwa nyeusi, zinatoa moshi. Alitafuna moja. Akasema ya Ukata, ya zamani, daraja la kwanza.

Halafu akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kununua gari. Nikasema mtunza ghala. Akauliza wapi. Nikasema. Hakuuliza la tatu. Alijifunga skafu, akachukua blanketi lake, akateremka. Mwalimu Joakim, aliyekuwa anatufuata kwa mbali kama fisi, akamfungulia mlango wa pikapu.

Miaka minane nimeitafuta kahawa ile. Leo nimeipata, na nimeitwa mwizi mara ya pili kwa kahawa ileile.

Jumatatu, 10 Julai

Mji mzima unajua. Kisimani watu wanasogeza ndoo zao nikipita. Mama ameagiza nisiende kumwona kwanza.

Agripina alinikalisha akaniuliza maswali matatu. Nani aliendesha gari lile miaka kumi na mmoja? Bambo lilikuwa chini ya kiti cha nani? Nani alifungua boksi bila kuangalia? Nilimjibu yote matatu: Placidi, Placidi, Placidi. Akanisubiri niendelee. Nikamwambia ndiyo maana nasema Placidi ni fundi.

Akaniuliza kahawa yenyewe iko wapi. Nikamweleza kwamba Placidi, kwa uungwana wake, alijitolea kuibeba yote airudishe Chama, ili jina langu lisafishwe. Agripina akasema Chama kimefungwa, nyasi zimeota mlangoni. Nikasema Placidi anajua watu. Mwanamke akacheka. Akacheka sana, akafuta macho kwa kanga, kisha ikawa si kicheko tena. Akachukua jembe akaenda kwenye ngoro zake, yale mashimo ya shamba la mlimani, hakugeuka nyuma.

Kumshuku msimamizi wetu wa ndoa! Aliyeshika pete zetu! Nimeumia mno.

Jumanne, 18 Julai

Mheshimiwa ameondoka. Lori la mtu wa Songea limemvuta kwa mnyororo. Waipa ilikuwa inapunga. Hakuna aliyewasha taa.

Mabati yameshushwa, mapya, yanawaka juani mpaka macho yanauma. Agripina alipitisha kiganja juu ya kila bati. Mafundi wameanza na chumba kikubwa. Alasiri manyunyu yakapita, akaingia ndani akasimama katikati kuyasikiliza. Akaniita nami nisikilize. Nikasema yana kelele. Akasema ni kelele nzuri kuliko zote alizowahi kusikia, na kwamba amenisamehe karibu yote. Nimelala vizuri. Lazima niandike ukweli.

Jumamosi, 22 Julai

Nimekonda kwa kufikiri, lakini nimepata!

Kwa nini kuwabeba wanunuzi wakati sheria imefunguliwa kwa kila mtu? Tutanunua kahawa wenyewe! Kampuni yetu, mimi na Placidi. Wazo ni lake, ingawa mimi ndiye nilisema neno kampuni. Tatizo letu lilikuwa ghala kavu lisilovuja, na ghala hilo ninalo, chumba kikubwa chenye mabati mapya. Kitanda cha Agripina kitasogea jikoni kwa msimu mmoja tu. Wakulima sita wameshakubali kuleta magunia yao Jumatatu kwa ahadi ya kulipwa baadaye, akiwemo mama yangu. Nilimwapia mama kwa jina la marehemu baba kwamba safari hii hakuna atakayeniita mwizi.

Kazi tumegawana kwa akili. Mimi sitashika ghala tena, nimeshachoka kushukiwa. Mimi nitakuwa mkurugenzi. Placidi atapima, ataandika, na atalala mlemle ndani alinde. Funguo zote tatu za chumba nimemkabidhi leo asubuhi, Agripina akiwa misani. Alizipokea kwa mikono miwili, machozi yakamlengalenga. Hataki hata mshahara.